Somo: Laptopu imechoka? Usiiuze kabla hujabadilisha diski

Wakuu, habari za mchana. Wiki iliyopita nilimaliza laptopu ya shemeji, Dell Latitude E6430 ya mtumba, ambayo alikuwa karibu kuiachia kwa bei ya kutupa. Ukiiwasha unaenda kuinjika chai, chai inachemka, unakunywa, ukirudi viduara bado vinazunguka kwenye kioo. Fundi mmoja alishamwambia mazabodi imekufa. Mazabodi haikuwa na kosa lolote. Sasa hivi inawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Msimamo wangu niuseme mapema: kwenye laptopu ya zamani, hela ya kwanza iende kwenye SSD (diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka), ya pili kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi). Zile programu za "kusafisha" na "kuongeza spidi" ni kujidanganya, na nyingine ndizo zinazoizidishia mashine mzigo.

Hatua ya 1: Hakikisha mchawi ni diski

Washa mashine, iache itulie dakika kumi bila kufungua kitu. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kidirisha kikifunguka tazama safu ya Disk. Kama imeganda kwenye 100% na wewe hujagusa kitu, huku prosesa iko chini kabisa, mchawi umempata.

Sababu yake ni hii. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, nyingi za laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huku kufuata kila kipande cha faili. Ni kama konda wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nauli zipo, lakini ya huyu iko siti ya nyuma kabisa, ya yule amebanwa mlangoni, na konda anapita katikati ya watu. SSD haina kinachozunguka, inachukua data popote ilipo papo hapo. Ndiyo maana tofauti unaiona zaidi wakati wa kuwasha na kufungua programu, maana hapo ndipo vifaili vidogo vidogo vinaitwa kwa maelfu.

Hatua ya 2: Ijue diski yako kabla ya kupanda gari la Kariakoo

Laptopu za miaka ya 2010 mwanzoni karibu zote zinachukua diski ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski). Za baadaye nyingi zina tundu la M.2, kile kijiti chembamba kama bazoka. Hapa watu wanaliwa sana: M.2 ziko za SATA na za NVMe (kiunganishi kipya chenye kasi zaidi), kwa macho zinafanana, na tundu la moja si lazima likubali nyingine. Urefu nao unatofautiana. Ikiandikwa 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. Dell, HP na Lenovo wanaweka miongozo ya ukarabati bure kwenye tovuti zao. Tafuta wa modeli yako kamili, usome kurasa mbili tu za diski na RAM, utatosheka.

Hatua ya 3: Okoa vitu vyako

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha rangi ya bluu, diski ina afya. Ikiwa ya njano, acha kila kitu, toa kwanza picha za familia na vyeti, usianze na filamu. Kama mashine ni ya ofisi, angalia pia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa. Bila ufunguo wake wa tarakimu 48, ile diski ukiitoa na kuichomeka kwingine hutasoma hata herufi.

Hatua ya 4: Kununua

Zunguka maduka matatu kabla ya kutoa hela. SSD feki zipo, na kuna watu wanasema uipime kwa uzito mkononi. Msiwasikilize, hata SSD halali ni nyepesi kama kasha tupu. Feki ya kawaida ndani yake kumebandikwa kadi ya memori ya simu, na programu yake imechakachuliwa ili idanganye ukubwa. Utaona imeandikwa TB 2 kwa bei ya GB 256. Bei ikiwa tamu hivyo, pita.

Nunua na waya wa USB kwenda SATA, utakufaa mara mbili. Ukifika nyumbani, chomeka SSD kwa huo waya uipime na programu ya H2testw. Inajaza diski yote kisha inasoma ilichoandika, kwa hiyo feki haina pa kujificha. Inachukua muda, iache usiku. Na risiti mwambie muuzaji aandike kwa mkono siku za kurudisha. Akikataa kuandika, ameshakujibu.

Hatua ya 5: Kufungua

Zima kabisa, siyo kufunika tu. Chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama ishirini ili umeme uliobaki uishe. Kwa zile ambazo betri iko ndani, kitu cha kwanza baada ya kufungua mfuniko ni kuchomoa plagi ya betri.

Skrubu mimi naziweka kwenye trei ya mayai, kila shimo na sehemu yake, kwa sababu zinatofautiana urefu. Ndefu ukiipeleka penye fupi inaweza kutoboa kitu upande wa pili. Tandika kitambaa cheupe chini. Siku moja nilifanyia kazi juu ya mkeka, skrubu ikadondoka, tukahamisha sebule nzima, na mpaka leo ile mashine ina tundu moja tupu.

Kwenye E6430 diski inatokea ubavuni. Unalegeza skrubu mbili chini, unaivuta kama droo. Ule mfuniko wake wa plastiki usiutupe, uhamishie kwenye SSD, la sivyo itaelea ndani.

Kwa kuwa umeshafika huko, tazama feni. Ya shemeji ilikuwa imeziba kwa zulia la vumbi, kijivu, limeshikana mpaka nikalitoa kipande kizima kwa kibanio. Na hili joto letu la Dar, mashine yenye zulia hilo inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole, yasizunguke kama pangaboi.

Hatua ya 6: Kuweka mfumo

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. E6430 ni kizazi cha 3, kwa hiyo nimemwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Alinuna siku mbili, ya tatu alikuwa anachapa barua zake kwenye LibreOffice.

Utahitaji fleshi ya GB 8 ya kubebea mfumo mpya. Ili mashine iwakie kwenye fleshi, Dell bonyeza F12 mara inapowaka, HP ni F9, Lenovo nyingi ni F12. Jaza betri kwanza, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya.

MASWALI

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Nina HP EliteBook 840 G2, RAM GB 4. Jamaa ananiuzia GB 8 ya DDR3. Nichukue?

Jibu: Usichukue, mkuu. Hiyo yako inataka DDR3L, yenye L mwishoni. Hiyo inatumia volti 1.35, ya kawaida ni 1.5. Ubaya ni kwamba pengo la katikati liko pale pale, kwa hiyo itaingia vizuri kabisa, halafu mashine haitawaka, utadhani umeiua. Soma kibandiko, PC3L ndiyo yako.

Swali: Kaka, mimi niko Kimara, nafanya uhasibu. Programu yangu ya mahesabu aliyeniwekea alishahama. Naweza kuhamisha kila kitu bila kuanza upya?

Jibu: Inawezekana dada. Tumia Clonezilla, inanakili diski nzima kama ilivyo. Sharti SSD isiwe ndogo kuliko diski ya sasa. Kama yako ni GB 500 na umenunua ya 480, itakukatalia hata kama umetumia robo tu. Leseni ya Windows kwa kawaida inaitambua mazabodi, siyo diski, usiwe na hofu nayo. Na diski ya zamani usiifute mpaka umefunga hesabu za mwezi mmoja kwenye mpya.

Swali: Nikishaitoa hiyo ya zamani niifanyie nini?

Jibu: Kama ni nzima, nunua kasha la USB uifanye ya kubebea. Kama CrystalDiskInfo ilitoa njano, ni ya kuchezea tu.

Swali: Braza, na simu je? Android yangu inakwama hadi aibu.

Jibu: Simu huwezi kubadilisha memori yake, imeunganishwa kwenye bodi. Ila ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Build number mara 7, itafunguka menyu ya watengeneza programu. Humo kuna vipimo vitatu vya mwendo wa picha, viweke 0.5x. Simu haiongezeki nguvu, inaacha tu mbwembwe. Kingine futa video za magrupu, memori ikijaa mpaka shingoni lazima ikwame. Mambo ya kuruti (kujipa mamlaka yote ya simu) usiyafanye kwenye simu unayotumia kwa hela. Kufungua kufuli la kiwandani kunafuta kila kitu, na programu za benki nyingi zitakukataa.

Swali: Mkuu, nimefuata yote, SSD haionekani kabisa. Nimeingia hadi BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) hakuna kitu. Nimeliwa?

Jibu: Kwenye USB ulipoipima ilionekana?

Swali: Ndiyo, H2testw ilimaliza vizuri.

Jibu: Basi ni nzima. Itoe, uirudishe ukiisukuma mpaka uisikie imekaa.

Swali: Imeonekana. Ilibaki kama milimita mbili hivi. Nilikuwa nimesahau kuhamisha ule mfuniko wa plastiki.