Kuinua na Kubeba Vitu Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Mombasa ni kuwafuata wazazi majumbani mwao baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Swali linalonipokea, mara nyingi kabla sijavua viatu mlangoni, ni lile lile: je, nikibeba kitu, mshono utafumuka? Wapo walioingiwa na hofu kiasi kwamba siku ya 10 inawakuta bado kitandani, na wapo ambao wameanza kuinua ndoo katika wiki ya 2 kwa kuwa kidonda kimekauka na hakiumi. Makundi haya mawili yanakosea kwa sababu moja, nayo ni kupima kupona kwa kuitazama ngozi.

Hatua ya 1: Fahamu kilichokatwa

Ili kumtoa mtoto, daktari hupita kwenye ngozi na mafuta, kisha hukata utando mgumu mweupe unaoishikilia misuli ya tumbo. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, bali hutenganishwa katikati na kusogezwa kando, na baada ya hapo hufunguliwa utando wa ndani na mfuko wa uzazi. Ngozi hushikana mapema, kwa wengi ndani ya wiki 1 au 2. Utando mgumu, ambao ndio ubebao mzigo, hauna haraka hiyo: kufikia wiki ya 6 huwa umerejesha takriban nusu ya nguvu zake, na huendelea kukazana kwa miezi kadhaa baadaye. Mtu akikuambia kwamba umepona kwa kuwa kovu limefunga, anazungumzia kifuniko cha sufuria wala hajaonja kilichomo.

Linalosukuma mshono kwa ndani ni shinikizo la tumboni, na uzito wa kitu ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazolipandisha. Shinikizo hilo hupanda unapobana pumzi ili kuinua, unapokohoa, unapojikamua chooni, na unapoinuka kitandani moja kwa moja kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, hata kama mikononi huna kitu. Ndiyo maana kufunga choo nakuhesabu kuwa ni kuinua mzigo: kunywa maji ya kutosha, kula mboga, mapapai na maharagwe, na ukitumia choo cha kuchuchumaa uwe na kitu imara cha kushikilia unapoinuka.

Niseme pia jambo la kutuliza moyo. Kufumuka kwa tabaka za ndani baada ya mkato wa kawaida wa chini ya tumbo ni nadra. Tunachokiona mara nyingi zaidi kwa waliojichosha mapema ni maumivu yaliyorudi na damu ya uzazi iliyoongezeka.

Hatua ya 2: Inuka kitandani na utembee

Hofu ya mshono isikufanye ulale tu. Ganzi ikishaisha na hali yako ikiwa imara, wauguzi watakusaidia kusimama ndani ya saa 24 za kwanza, hata kama siku hiyo safari yenyewe ni ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Damu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huganda kwa urahisi zaidi, na anayelala bila kusogeza miguu anajiweka katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kipande kupanda hadi mapafuni.

Kuinuka kwenyewe kuna namna yake. Kunja magoti, ugeuke mwili mzima kwa pamoja hadi ulale ubavu, ushushe miguu ukingoni mwa kitanda, kisha ujisukume kwa mikono huku ukitoa pumzi. Chandarua kiwe kimefunguliwa kabla, kwa sababu nimewaona wengi wakijipinda kiuno kukitafutia ncha gizani. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, bana mto mdogo au kanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Dawa za maumivu zinywe kwa saa ulizoandikiwa, usingoje maumivu yakuzidi. Paracetamol na ibuprofen hutumiwa na wanaonyonyesha, ila ibuprofen haimfai mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, basi mweleze daktari hali yako kabla hujaondoka.

Hatua ya 3: Weka mpaka wa uzito

Kwa wiki 6 za kwanza, usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako mchanga. Kanuni hii ni nyepesi kuikumbuka, lakini inahitaji mizani ya nyumbani, kwa kuwa watu hukisia vibaya. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo mtungi wa lita 5 umeshampita mtoto aliyezaliwa na kilo 3, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20, sawa na kumbeba mtoto wa umri wa kwenda shule. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 6 huhesabiwa kwa gesi iliyomo; chuma chenyewe kina uzito unaokaribia huo, hivyo ukijaa unakuwa takriban maradufu. Beseni la nguo zilizoloa maji humdanganya kila mtu.

Mtihani mgumu zaidi ni mtoto mkubwa nyumbani. Mwenye mwaka 1 ana kilo 9 au 10, na haelewi kwa nini mama yake amekataa ghafla kumpakata. Usimwinue kutoka chini. Keti kwenye kiti au ukingo wa kitanda, umwache apande mwenyewe au mtu mwingine amweke ubavuni pako, umkumbatie hapo hapo. Anachokitaka ni kifua chako, na hicho unaweza kumpa bila kusimama.

Hatua ya 4: Jifunze kumwinua mtoto mchanga

Mtoto mchanga yumo ndani ya mpaka, lakini anainuliwa mara nyingi kwa siku, na mara hizo hujumlishika. Mlaze mahali palipoinuka kufikia kiuno chako, si kwenye mkeka. Ukimfuata, sogea hadi mwili wako ugusane na kitanda, tanua miguu kidogo, kunja magoti badala ya mgongo, mvute mtoto hadi kifuani kwanza, kisha inuka ukitoa pumzi polepole kama anayepuliza chai. Usijipinde kiuno ukiwa umembeba, geuza miguu.

Wakati wa kunyonyesha, mlaze ubavuni chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, au mnyonyeshe ukiwa umelala ubavu, ili uzito wake usikae juu ya mshono. Kuogeshwa mtoto kwenye karai lililowekwa sakafuni ni kazi ya bibi au shangazi kwa sasa, au karai lipandishwe mezani, na maji yatiwe na kumwagwa na mtu mwingine.

Hatua ya 5: Panga mambo ya maji kabla hujatoka hospitalini

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa katika mji huu ambamo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, maji ndiyo mzigo mkuu wa mwanamke. Mimi mwenyewe nilijifungua mwanangu wa pili kwa upasuaji, nikijua yote haya ninayokuandikia, na siku ya 14 maji yalipokatika nikauinua mtungi mmoja wa lita 20 kutoka mlangoni hadi jikoni. Ni hatua sita tu. Jioni ile damu ambayo ilikuwa imefifia ikawa ya hudhurungi ilirudi kuwa nyekundu, na upande mmoja wa mshono ukauma kwa siku 4. Sikufumuka, wala sikulazwa, ila nilijifunza kwamba elimu pekee haichoti maji.

Mwenye mkokoteni anapoleta mitungi, alipwe kwa makubaliano kwamba atayaingiza maji ndani na kuyamimina mwenyewe kwenye pipa. Weka pipa juu ya matofali ili usiiname hadi chini, na uchote kwa kopo au jagi, si kwa ndoo. Maji ya kuoga yagawe kwenye ndoo mbili ndogo zisizozidi robo, na hata hizo zisogezwe na mtu. Kama unaishi ghorofani na lifti haipo, andika kwenye karatasi ni nani anayepandisha maji siku gani, ubandike jikoni. Waume wengi wa hapa hawakatai kubeba. Hungoja kuambiwa, na wewe huona haya kusema, mwishowe unajibebea. Sema ukiwa bado na mimba, ikiwa upasuaji wako umepangwa.

Kukuna nazi juu ya mbuzi, kufua, kupiga deki kwa kuinama na kusonga ugali wa watu wengi ni kazi zinazokaza tumbo ingawa hazihesabiki kuwa ni kubeba. Ziache kwa wiki 6.

Hatua ya 6: Tumia arobaini vizuri

Desturi yetu ya siku 40, ambapo mzazi hukaa ndani akihudumiwa, inakaribiana sana na wiki 6 tunazozitaja kliniki, na siku zote nasema kwamba mavyaa anayemzuia mkaza mwana asibebe ndoo amenipunguzia kazi. Kuna mambo mawili tu ninayoomba yarekebishwe.

La kwanza ni kukandwa. Maji ya uvuguvugu mgongoni na mabegani hayana tatizo, lakini tumbo lisisuguliwe wala kushindiliwa, na maji ya moto yasimwagwe juu ya mshono, kwa kuwa ngozi ya hapo huwa imekufa ganzi na inaweza kuungua bila wewe kuhisi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, usikandwe kamwe. Huenda ndani yake mna damu iliyoganda, na anayeikanda anaweza kuing'oa.

La pili ni mkaja. Kitambaa laini kinacholishikilia tumbo humpunguzia mzazi maumivu anapotembea, nami sikikatazi. Kikifungwa kwa nguvu hadi pumzi inakuwa fupi, au ukihisi uzito ukisukumwa kuelekea chini ukeni, kimepita kiasi. Usiku kivue. Joto na jasho la pwani, hasa wakati wa kaskazi, hulowanisha mkunjo ulio juu ya mshono, na kidonda chenye unyevu hupona vibaya: osha kwa maji safi na sabuni laini ukishaambiwa uondoe bandeji, kausha kwa kugusagusa, vaa dera pana na chupi ya pamba inayopanda juu ya mshono. Usipake asali, majivu wala mafuta.

Hatua ya 7: Ukitoka nje

Matembezi mafupi barazani huanza wiki ya kwanza na huongezeka kidogo kidogo. Bodaboda subiri, tuktuk inavumilika ukiketi na mto mdogo tumboni na kumwomba dereva apunguze mwendo kwenye mashimo. Kwa wanaovuka Likoni, maji yakipwa mteremko wa kuingilia ferini huwa mkali zaidi, na umati husukuma. Mwenzako abebe mkoba na atembee mbele yako.

Hatua ya 8: Kliniki ya wiki ya 6, na kuongeza mzigo taratibu

Ratiba ya kliniki nchini Kenya humtaka mama aonwe ndani ya saa 48, kati ya wiki ya 1 na ya 2, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Katika wiki ya 6 mtoto naye anatakiwa kupata chanjo, na hapo ndipo mama husahaulika: mtoto anadungwa sindano, kitabu kinapigwa muhuri, nanyi mnarudi nyumbani. Usiondoke kabla mshono wako haujatazamwa na tumbo lako kuguswa. Omba.

Ukiruhusiwa, anza na lita 5 mkono mmoja mmoja kwa wiki nzima. Kisha lita 5 katika kila mkono, kwa maana mizigo miwili midogo ni salama kuliko mmoja mkubwa. Mtungi wa lita 20 usiufikirie kabla ya mwezi wa 3, na hata hapo uwe umeinua 10 bila dalili yoyote. Dalili za kurudi nyuma hatua moja ni maumivu ya mshono yanayokuwapo hata asubuhi ya pili, damu kuwa nyekundu tena, mkojo kuchuruzika unapoinua, na tumbo kutokeza katikati kama mkuku wa dau.

Sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, muda unaotosha ratiba hii. Anayechoma mahamri au kuuza viazi karai hana likizo hiyo. Kwake nashauri arudi kwanza kwa kazi ya kuketi, yaani kupokea pesa na kufungasha, na karai la mafuta liinuliwe na mwingine.

Hatua ya 9: Mambo yasiyongoja kliniki

Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukipata homa, usaha au harufu mbaya kwenye mshono au ukeni, wekundu unaopanuka, mshono kuachana, maumivu makali wakati wa kukojoa, au mguu mmoja kuvimba. Nenda mara moja, hata usiku, ikiwa damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa 1, ukikosa pumzi au kifua kikiuma, ukipatwa na degedege, au kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu. Chukua karatasi ya kuruhusiwa uliyopewa wodini, na umchukue mtoto pia, kwa maana akibaki nyumbani atalia njaa nawe utaomba kuondoka kabla hujatibiwa.