Kulifuata neno moja la Kiebrania katika kisa cha Torati

Sizungumzi Kiebrania. Nina herufi zake 22, kamusi na itifaki (faharasa inayoonyesha kila aya lilimo neno fulani la Biblia), na hivyo vitatu vilitosha kunionyesha kwa nini marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, hukaa juu ya neno moja hadi usiku uingie.

Chagua kisa unachokijua vizuri, usome polepole ukisaka neno linalojirudia. Usishike neno zima, shika mzizi wake, ambao mara nyingi ni herufi tatu. Sisi hilo si geni kwetu: kitabu, katibu na maktaba vyote vimetoka katika k-t-b ya Kiarabu, na Kiebrania nacho kina katav, "aliandika".

Tuanze na Mwanzo 37:32. Yusufu ameshauzwa na ndugu zake, na Yuda, mmoja wao, ndiye aliyetoa shauri hilo. Kanzu imechovywa katika damu ya mbuzi na kupelekwa kwa baba yao pamoja na maneno haya: haker-na, tambua, tafadhali, kama ni ya mwanao au siyo. Mzizi ni n-k-r. Katika haker ile n imemezwa, na mimi mara ya kwanza iliniponyoka, kwa hiyo usiliamini jicho peke yake; fungua kamusi.

Sasa ingia sura ya 38. Tamari, mkwe wa Yuda, ana mimba na anatolewa nje ili achomwe moto. Hamtaji mwanamume. Anampelekea Yuda muhuri, kamba na fimbo ambavyo Yuda mwenyewe, aliyempa mimba hiyo, alimwachia, na ujumbe: haker-na. Nilipoyaona maneno yale yale mawili, niliweka kalamu chini. Yuda anaambiwa kile baba yake alichoambiwa.

Marabi walilisikia hilo zamani. Katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, kitabu cha Sota, ukurasa 10b, Rabi Hama mwana wa Hanina anasema kwamba kwa "tambua" Yuda alimpasha baba yake habari, na kwa "tambua" naye akapashwa. Rashi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), mfafanuzi wa Torati, anasimama kwenye silabi ndogo ile "na" ya haker-na. Kwake ni neno la kuomba: Tamari anamsihi Yuda amtambue Muumba wake, asiangamize nafsi tatu, kwani tumboni mna mapacha. Silabi moja, na mama anayekwenda kufa anasikika akibembeleza! Ndiyo maana nakuhimiza usivipite viambishi.

Tafsiri nazo zilinganishe. Biblia ya Kiswahili ya Union inampa Nuhu safina na mtoto Musa kisafina, na imefanya vema, maana kwa Kiebrania vyote viwili ni tevah, neno lisilotokea katika kisa kingine chochote cha Torati. Sanduku la agano ni aron, neno jingine kabisa.

Kuna mahali Kiswahili hakiwezi kukusaidia. Katika Mwanzo 42:7 Yusufu anawatambua ndugu zake, vayakirem, kisha anajifanya mgeni kwao, vayitnaker. Baadhi ya kamusi hutenganisha mizizi hiyo miwili, lakini sikio la msomaji wa Kiebrania linasikia n-k-r tena. Aya ya 8 inasema ndugu zake hawakumtambua, kwa mzizi ule ule. Yuda amesimama pale pamoja nao.