Namna ya Kupiga na Kuhariri Picha za Mandhari katika Nchi Tambarare ya Dodoma

Mtu aliyezoea kupiga picha Lushoto au Rungwe hupata taabu akifika Bahi au Chamwino. Kule alikotoka milima ilimpangia picha yenyewe, ilhali huku nchi imelala, mbingu imetwaa nusu ya kila anachokitazama, na usiku akizipitia picha zake anakuta vichaka vya kijivu chini, weupe mtupu juu, na katikati hamna kitu. Simu haina kosa. Katika nchi tambarare mpiga picha ndiye anayepaswa kuamua picha inahusu nini, na asipoamua yeye, hakuna programu ya kuhariri itakayomwamulia baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua simu au kamera, jiambie kwa sentensi moja kilichokusimamisha. Kusema "mbuyu" hakutoshi. Ukisema "mbuyu uliobaki peke yake katika shamba la mtama lililokwisha kuvunwa", tayari umejua kwamba mabua yaliyosalia lazima yaonekane, kwamba paa la bati la jirani halitakiwi kuwemo, na kwamba lazima usogee mpaka matawi ya mti yasimame yenyewe mbele ya anga bila kuchanganyika na miti ya nyuma. Mara nyingi hatua mbili za kwenda kando hufanya kazi ambayo nusu saa ya kuhariri haiwezi kuifanya.

Baada ya hapo amua upeo wa macho ukae wapi. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, inayoigawa picha katika theluthi, kisha uitazame mbingu bila upendeleo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, anga ya Dodoma aghalabu huwa tupu. Ipe sehemu ndogo tu ya juu na uiachie ardhi iliyobaki. Mvua zinapokaribia mwezi Novemba, na mawingu yanapoanza kujijenga kila alasiri, geuza hesabu na uiachie mbingu theluthi mbili. Upeo uliokaa katikati kabisa mimi huukubali mahali pamoja tu, kwenye maji yaliyotulia kama bwawa la Hombolo alfajiri, ambako nusu ya chini huirudia nusu ya juu.

Sehemu ya mbele ya picha ndiyo inayosahauliwa zaidi. Chuchumaa, hata magoti yaguse udongo, utafute kitu kitakachomwingiza mtazamaji ndani: njia ya ng'ombe inayojikunja kuelekea lambo, safu ya mizabibu, ufa kwenye tope lililokauka. Njia ianzie karibu na kona ya chini ya picha na imfikishe mtazamaji kwenye kitu, kwa maana njia inayotokea upande mmoja na kupotelea mwingine humtoa nje kabla hajaona lolote. Majabali yetu nayo yanahitaji mtu au mbuzi kando yake, la sivyo atakayeitazama picha hatajua kama ni jiwe la kukalia au ni kubwa kuliko nyumba. Mtu huyo aombwe kwanza. Ukisalimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kueleza unachokifanya kabla ya kutoa simu mfukoni, mara nyingi utaonyeshwa mahali pazuri kuliko ulipokuwa umesimama.

Kuhusu mwanga, ukumbuke kwamba Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu sawasawa na utosi, vivuli vikajikusanya chini ya miti, na ardhi ikaonekana bapa kama chapati. Jua letu huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku kutegemea mwezi. Dakika 40 hivi kabla ya kuzama huwa nyuzi 10 juu ya upeo, na hapo mti wa mita 10 hulaza kivuli cha zaidi ya mita 50. Kila tuta na kila unyayo huonekana.

Saa hiyohiyo ndiyo ng'ombe wanaporudi, na vumbi lao likimulikwa na jua kutoka nyuma ni mali ambayo mikoa yenye kijani mwaka mzima haina. Simama jua likiwa mbele yako lakini limefichwa na shina la mti, gusa kioo cha simu palipo na vumbi linalong'aa, kisha ushushe mwangaza kidogo ili rangi isigeuke weupe. Wanyama watatoka weusi, na ndivyo inavyotakiwa. Pangusa lenzi kwanza. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu ya alama ya kidole changu mwenyewe.

Katika kuhariri, programu za bure za simu kama Snapseed zinatosha, na kamera yako ikiweza kuhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, lihifadhi, kwa kuwa lina nafasi kubwa zaidi ya kurekebishwa. Anza kwa kunyoosha upeo, maana katika nchi tambarare hata nyuzi moja ya mwinamo huonekana mara moja. Kata kingo. Punguza ukali wa sehemu zenye mwanga mwingi hadi mawingu yarudi, halafu uinue vivuli kwa kiasi, ukiacha giza fulani chini ya miti.

Zana ya programu ya kuondoa ukungu inahitaji tahadhari. Vumbi la kiangazi ndilo linalofanya milima ya mbali ififie moja nyuma ya mwingine. Ukilifuta lote, milima ya Chenene itaonekana kana kwamba imesogezwa uani. Rangi vilevile. Mizani ya rangi ya simu (white balance), inayoamua picha iwe na rangi ya joto au ya baridi, ikijiendesha yenyewe huelekea kupoza ule udhahabu wa jioni, kwa hiyo irudishe karibu na 5,500 katika kipimo cha kelvini, ambayo ni rangi ya mwanga wa jua, na usikoleze wekundu wa udongo. Mama mmoja wa Hombolo niliyempelekea picha ya shamba lake la zabibu, nikiwa nimeipaka wekundu hadi ikafanana na tofali bichi, aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, hili shamba ni la nani?"

Tangu siku hiyo, nikimaliza kuhariri huiacha picha hadi kesho yake, kisha huifungua pamoja na ile ya asili na kurudisha nyuma kidogo kila kipau nilichokisogeza kwenye programu. Nakala ya asili usiifute. Na unapomtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na vumbi ulilolihangaikia jioni nzima ndilo huharibika kwanza.