Kusoma ukurasa wa sensa ya Uskoti ukiwa Jinja

Mume wa binti yangu kwao ni Dundee, mji wa Uskoti. Krismasi iliyopita alitua Jinja na karatasi moja aliyoichapa kutoka ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za ukoo za Uskoti, ukurasa wa sensa ya 1881. "Mama, wewe ulikuwa karani wa sensa. Nisomee." Ni kweli, mwaka 2014 nilizunguka Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, nyumba kwa nyumba nikiuliza nani alilala hapa usiku wa sensa.

Swali la makarani wa Uskoti lilikuwa hilo hilo, kwa hiyo anzia hapo. Ukurasa ule si orodha ya ukoo, ni waliolala pale usiku wa tarehe 3 Aprili 1881. Kijana aliyelala kwa shangazi, mtafute kwa shangazi.

Kisha tafuta mistari ya mshazari pembeni mwa majina. Miwili inafunga jengo, mmoja unafunga kaya ndani ya jengo. Ukiipuuza utampa baba wa watu watoto wa jirani, maana wafanyakazi wa Dundee waliishi ghorofani, kaya nyingi mlango mmoja. Neno "Do" maana yake "kama hapo juu". Mimi nilidhani ni jina la ukoo, mkwe akacheka mpaka chai ikapoa.

Sasa angalia upande wa kulia, safu ya vyumba vyenye dirisha. Yetu ilisema 1. Watu wanane, mmoja wao mpangaji! Ni muzigo kabisa, yaani chumba kimoja cha kupanga, kama ule niliolelewa.

Kazi: mama na binti wa miaka 14 wako kiwanda cha juti, ile nyuzi ya magunia tunayotilia kahawa. "Scholar" ni mtoto anayesoma shule tu, usimvike joho la profesa. Umri usiuamini sana. Walukuba mzee mmoja alinitajia miaka mitatu tofauti kabla sijamaliza fomu. Na ukirudi hadi 1841 ni balaa zaidi: waliozidi miaka 15 kwa kawaida walipunguziwa umri hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, wa 34 akaandikwa 30, na uhusiano na mkuu wa kaya haukuandikwa.

Safu ya mahali pa kuzaliwa isome mtoto kwa mtoto. Wakubwa wawili walizaliwa Ireland, wa tatu Dundee. Basi walihama kati ya wa pili na wa tatu, na umri wao unakupa miaka ya kutafuta.

Mwisho, ukitaka kujua wazazi walifunga ndoa wapi, usimfukuzie baba. Mshike mtoto aliyezaliwa Uskoti kuanzia 1861, uombe cheti chake cha kuzaliwa. Uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, lakini vyeti vya 1856 hadi 1860 havina ndoa ya wazazi. Cha 1861 na kuendelea kinakupa jina la mama kabla hajaolewa, tarehe ya ndoa na mahali. Sisi tulimchukua yule wa tatu. Ndoa ilifungwa Ireland, na mkwe sasa anatafuta nauli.