Kabla ya kuteremka Matema na gari lako

Anza na ramani, kwa sababu ndipo safari nyingi za Ziwa Nyasa zinapoharibikia. Matema na Mbamba Bay ziko ufukwe mmoja, na mtu akiziona hivyo anapanga kulala huku leo na kule kesho. Futa mpango huo. Kati yake Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, na hakuna barabara ya kuambaa ziwa. Kwenda Mbamba Bay kwa gari ni kurudi Uyole, njia panda ya Mbeya, kupita Makambako, Njombe, Songea na Mbinga, na kulala njiani. Mwenye siku tatu achague upande mmoja. Haya yanamhusu anayetoka Mbeya kwenda Matema.

Usiku wa kwanza lala Tukuyu, hata kama unaona una nguvu za kufika ziwani siku hiyohiyo. Utapata muda wa kupita Kiwira kuona Daraja la Mungu, daraja la mwamba wa asili, na Kijungu, shimo la mwamba mtoni, na mteremko wa kwenda Kyela utaukuta asubuhi gari likiwa limepoa na wewe umelala. Ziwa Ngosi usilichomeke hapo katikati: ni kupanda msitu wenye utelezi kwa miguu, na linataka nusu siku yake. Kama unataka vyungu vya Wakisi, soko la Lyulilo, jirani na Matema, ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa jioni uwe umeshafika Matema.

Mafuta jaza Uyole au Tukuyu. Pesa taslimu toa Tukuyu au Kyela. Ukifika ufukweni na simu tu, utategemea wakala mwenye pesa mkononi. Upepo wa matairi pima asubuhi kabla gari halijatembea, na pima la spea pia. Kyela kuna joto kuliko Mbeya, hivyo upepo utapanda wenyewe. Usiutoe tairi likiwa la moto, maana ukirudi kwenye baridi litakuwa limelegea. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani ya gari, siyo nyumbani. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo.

Sasa breki. Hapa soma mara mbili.

Barabara inapopita Isongole, kati ya Ngosi na Mlima Rungwe, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Kwa hiyo gari lenye watu watano na mizigo yao linashuka zaidi ya mita 1,500, na uzito wote huo ukizuiwa kwa breki peke yake unageuka kuwa joto kwenye pedi na diski. Kwanza utasikia harufu, kama plastiki inayoungua. Halafu pedali inakuwa ngumu lakini gari halisimami vizuri, kwa sababu pedi iliyopata joto kupita kiasi haishiki. Ukiendelea, joto linaingia kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205; yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka: unakanyaga pedali inazama hadi chini kama unakanyaga sponji. Gari lile lile lilikuwa na breki nzuri kabisa mjini Mbeya, ndiyo maana dereva haamini. Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, siyo asubuhi ya safari, fungua kifuniko cha mafuta ya breki. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, au yamepita miaka miwili, fundi ayamwage yote, aweke mapya na kutoa hewa kwenye magurudumu yote manne. Kuongezea juu ya yale ya zamani si kubadilisha. Pedi zikiwa zimebaki milimita tatu, badilisha.

Njiani, kanuni ya madereva wa malori inatosha: shuka na gia ambayo ungepandia. Gari la klachi, ingiza gia kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Gari la otomatiki, usiliache kwenye D ukadhani litajijua. Zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi), au shusha kwenye 2. Magari mengine yana S au B. Injini itanguruma, mshale wa mizunguko ya injini utapanda mpaka 3,000 au 4,000, abiria watakuuliza kuna nini. Hakuna kitu. Na wale wa kuweka nyutro ili kuokoa mafuta wanajidanganya: injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, hukata mafuta yenyewe. Nyutro ndiyo inayokunywa.

Breki kanyaga kwa nguvu kidogo mpaka mwendo ushuke, kisha achia kabisa zipoe. Kuegemeza mguu kidogokidogo njia nzima ndiko kunakochoma. Ukisikia harufu, tafuta sehemu pana mbali na kona, usimame nusu saa. Usimwagie maji, diski zitapinda. Usivute breki ya mkono kwenye ngoma za moto. Weka gia au P na jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko. Ukiondoka, liondoe hilo jiwe barabarani, kuna bodaboda anakuja nyuma yako gizani.

Pedali ikizama: ikanyage harakaharaka mara kadhaa, shusha gia moja moja, breki ya mkono vuta polepole huku umebonyeza kitufe chake, na uelekee upande wa ukingo wa mlima, kamwe siyo upande wa korongo. Usizime gari, usukani utakuwa mzito.

Ukungu wa Isongole ukikukuta, washa taa fupi. Ndefu zinakurudia machoni.

Siku ya kurudi shida inageuka. Kila mtu amenunua mchele wa Kyela, ndizi zimejazwa juu yake, na gunia mbili tu za mchele ni kama kilo 200, sawa na watu watatu wazima. Sasa gari linapanda ulichoshuka. Rejeta iwe na kulanti, siyo maji ya bomba. Kipimo cha joto kikianza kupanda, zima kiyoyozi kwanza. Kikifika juu, simama, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu.

Ziwani kwenyewe: chandarua chako mwenyewe, maana Kyela ina malaria. Ogelea penye mchanga na maji wazi, siyo kwenye matete, ambako konokono wa kichocho hukaa. Hata ukijisikia mzima, pima baada ya wiki sita au zaidi. Mapema mno mayai ya kichocho hayaonekani. Mdomo wa mto Lufilyo uache, kuna mamba. Mwera ukivuma, hasa kati ya Aprili na Agosti, mtumbwi usipande hata kama mwenyewe anasema mawimbi ni ya kawaida. Machi mpaka Mei uliza kwanza hali ya mito ya Kyela kabla hujalipia chumba. Vyungu wafungishe kwa majani makavu, uviweke sakafuni nyuma ya kiti, siyo juu ya mchele. Na watoto waambie mapema kwamba maji yanashuka kina ghafla.