Somo: Kutembea Lushoto siku ya ukungu (kwa tunaovuka kutoka Unguja na Pemba)

Kipupwe kikiingia na skuli zikifungwa, wengi wetu huvuka kwenda Lushoto kutafuta baridi. Asubuhi unafungua dirisha, hata mti wa uani huuoni. Hapo ndipo watu wanaponuna na kurudi kitandani. Hakuna haja. Panga mambo mengine yote ya siku, Irente, ule mwamba wa kutazamia bonde, usiipangie saa.

Hatua ya 1: Fika mchana, lala siku mbili. Ukitoka bandari ya Malindi, Unguja, na boti ya asubuhi, Dar utakuta mabasi mengi ya Lushoto yameshaondoka. Bora ulale Dar, au upitie Tanga. Kutoka Mombo, mji ulio chini ya milima, kupanda hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Usiku wenye ukungu barabara hiyo mimi siipandi. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo sweta, soksi na viatu vyenye meno. Kandambili ziache Darajani.

Hatua ya 2: Uliza madereva. Upepo wenye unyevu unatoka huku kwetu baharini, ukikutana na milima ya Usambara hupanda juu, hupoa na kuwa wingu. Unachokiona dirishani ni wingu lenyewe, limekaa mlimani. Basi nenda stendi, waulize wanaopanda kutoka Mombo: "Huko chini vipi?" Wakisema jua linawaka, wingu limeshika juu tu. Panda gari ushuke Soni, njiani kuelekea Mombo, maporomoko yake unayaona ukiwa barabarani. Wakisema kumefunga kote, nenda msituni.

Hatua ya 3: Msitu wa Magamba. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu, na ningekwambia uende hata siku ya jua. Msitu haudai uone mbali. Ukungu unanata kwenye majani, unadondoka matone kama mvua ilhali mvua hainyeshi, na kuvumwani (ukoga wa mitini) imejaa kwenye magogo. Kuna mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri. Kuna vinyonga wenye pembe mbili puani. Macho ya mwongozaji huwaona kabla yako, ndiyo maana usiingie bila yeye (na njia nazo hupotea haraka). Sisi tuliozoea kima punju wa Jozani, huku tunakutana na mbega, weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani. Mara nyingi utawasikia wakiruka matawini kabla hujawaona. Nyamaza, simama, subiri.

Hatua ya 4: Sokoni. Kabichi, karoti, na plamu au peasi zikiwa msimu wake. Nunua siku ya kuondoka, usibebe mzigo kutwa.

Hatua ya 5: Irente. Mara nyingi ukungu huanza kunyanyuka jua likishapanda. Ukiona vilele vya miti ya mlima wa pili kutoka mjini, anza safari. Ni mwendo wa kilomita 5 au 6. Njiani pitia shamba la Irente, kuna jibini na mkate wao, na ni mahali pazuri pa kusubiri. Pale mwambani pakiwa pamefunga, usisogee ukingoni hata hatua moja, ardhi inakatika ghafla. Kaa. Upepo ukipasua wingu utaona tambarare ya Wamasai na mashamba ya mkonge chini kabisa, kisha pazia linashuka tena. Simu iwe mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Wete:* Sisi Wazanzibari tunalipa kiingilio cha wageni huko Magamba?
Hapana, ni cha raia. Chukua kitambulisho, maana mlangoni wataomba. Malipo ya serikali hupita kwa kontroli namba, hivyo weka salio kwenye simu.

*Mwanakwerekwe:* Nina mama mtu mzima, magoti yanamuuma. Aende?
Aende, lakini msituni asiingie siku ya utelezi. Mpelekeni Soni kwa gari, na Irente pia gari hufika karibu. Kama ana pumu, asisahau dawa. Ile baridi ya alfajiri si mchezo.

*Chake:* Picha zangu za ukungu zote zinatoka kijivu.
Weka kitu karibu: mtu mwenye kanga nyekundu, tawi, ng'ombe wa njiani. Kisha gusa kioo juu ya huyo mtu na uongeze mwanga kidogo. Usipige ukungu mtupu.

*Jambiani:* Chakula cha halali je?
Waislamu ni wengi na misikiti ipo mjini. Uliza mgahawani kama unavyouliza popote.

*Wete tena:* Na tukikaa siku zote mbili Irente isifunguke?
Inatokea, hasa masika. Siku ya kurudi ondokeni na gari la asubuhi lakini si la mwanzo kabisa, mkae upande wa bonde. Mkishapita Soni mara nyingi mnatoka chini ya wingu, na mabonde yote mnayaona kupitia dirishani.