Kioo kirefu si dawa: jinsi ya kutuliza upepo unaokutikisa kichwa kwenye pikipiki ya safari

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye kila alipolalamika kuwa upepo unampiga kichwa, aliambiwa anunue kioo cha mbele cha kukinga upepo kilicho kirefu zaidi. Alinunua, na hali ikazidi kuwa mbaya: helmeti inatetemeka mpaka macho hayasomi vibao vya barabarani, na akishuka shingo imekakamaa. Kabla hujatoa hela yako, pitia hatua hizi kwa mpangilio wake.

Kwanza elewa adui ni nani. Upepo wenyewe, ukija moja kwa moja, unasukuma tu, mwili unauzoea. Kinachotikisa kichwa ni upepo uliovurugika. Hewa ikiruka juu ya ukingo wa kioo, nyuma yake hubaki mgandamizo mdogo, na hewa hiyo hurudi kuujaza ikiwa visulisuli, kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Kichwa chako kikikaa palepale visulisuli vinapopita, utatikiswa hata kioo kiwe cha bei gani.

Hatua ya 1: Ng'oa kioo

Ndiyo, king'oe kabisa, kisha endesha kwa mwendo ule unaokusumbua. Kifua kitasukumwa na kelele itakuwepo, lakini angalia kichwa. Kikitulia, mkosaji ni kioo. Kisipotulia, kagua helmeti: ishike kwa mikono miwili uizungushe. Ikizunguka bila kuvuta ngozi ya mashavu, ni kubwa kwako. Na kama ina kikinga jua kilichochomoza mbele, kitoe kwanza ndipo ujaribu tena.

Hatua ya 2: Tafuta upepo safi uko kimo gani

Rudisha kioo. Kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na gari nyuma yako, jinyanyue polepole kutoka kwenye siti, kisha siku hiyohiyo jaribu kuinama. Sikiliza kelele inakatika wapi.

Ukitulia ukijinyanyua, kichwa chako kinataka upepo safi wa juu, kwa hiyo kioo kishuke au kikatwe. Ukitulia ukiinama, ukingo uinuliwe kidogo. Wengi wanadhani jibu ni la pili siku zote, kumbe kwa watu warefu mara nyingi ni la kwanza.

Kwa vyovyote, ukingo wa juu ubaki chini ya mstari wa macho yako, karibu na usawa wa pua au mdomo. Kuangalia kupitia kioo usiku wa mvua, taa za magari zikitawanyika kwenye matone, ni hatari ambayo hakuna utulivu wa shingo unaoifidia.

Hatua ya 3: Pengo chini ya kioo

Hapa ndipo masaa ya mwenzangu yalipoishia, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Vioo vingi hubana sana chini, hewa haipiti. Ndiyo maana nyuma yake kunakuwa na mvuto, hadi kwenye vioo vikubwa unahisi upepo unakusukuma mgongoni. Ukiacha hewa kidogo ipite chini ya kioo, mgandamizo wa nyuma unapanda na visulisuli vinapungua nguvu. Ni kazi ya spesa (vipande vidogo vinavyotenganisha kioo na bodi ya pikipiki) na bolti ndefu kidogo, lakini ina mitego.

Anza na spesa za milimita 10. Ziweke kwenye bolti zote, za juu na za chini. Ukiweka za chini peke yake, sehemu ya chini inasogea mbele na kioo kinalala zaidi. Ukiweka za juu peke yake, kinasimama. Hapo utakuwa umebadilisha pengo na mwinamo kwa pamoja, na hutajua kipi kimesaidia. Mwenzangu alikuwa anabadilisha pengo, mwinamo na siti kwa mpigo mmoja, halafu anashangaa jana ilikuwa nzuri na leo mbaya. Badilisha kitu kimoja, endesha, andika.

Pikipiki nyingi hufunga kioo kwa nati za mpira zinazovimba ukikaza bolti. Kaza mpaka ishike, basi. Weka washa za mpira au nailoni kati ya bolti na kioo, maana nyufa huanzia kwenye tundu. Bolti mpya iwe na nyuzi zilezile na iingie ndani ya nati kiasi kilekile kama ya zamani. Na usipake gundi ya kuzuia bolti kulegea karibu na kioo: inashambulia polikaboneti na akriliki, plastiki zinazotengenezewa vioo hivi, na utaona nyufa nyembamba kama nywele zikisambaa kuzunguka tundu.

Ukimaliza, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Kioo kisiguse mikono, mpira wa breki wala vioo vya pembeni.

Pengo likisaidia, ongeza kidogo. Upepo ukianza kupiga kifua, lipunguze tena.

Hatua ya 4: Upepo wa chini

Ukihisi upepo unapanda kutoka pembeni mwa tangi hadi kidevuni, kioo hakitausimamisha. Kinga ndogo za pembeni mwa shokapu za mbele hufanya kazi hiyo vizuri. Zisizibe tu njia ya hewa ya rejeta.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo ununue

Mimi nachagua kioo kifupi chenye kipande cha juu kinachorekebishika, kilichoachana na kioo kwa mwanya. Kampuni za MRA, Givi na Puig zinavitengeneza. Mwanya ule unafanya kazi ileile ya pengo la chini, na kimo unakibadilisha bila kununua kingine. Vioo vinavyopanda kwa umeme, kama vya BMW R 1250 RT, ni vizuri, ila usivipandishe mpaka mwisho kwa mazoea. Polikaboneti haivunjiki ovyo lakini inakwaruzika kama haina utando mgumu. Akriliki inang'aa vizuri ila ikipigwa inapasuka.

Hatua ya 6: Jaribu kwa haki

Barabara ileile, kwenda na kurudi, siku isiyo na upepo. Nyuma ya lori usipime kitu. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa inaongezeka mara 2.25, kwa hiyo kioo kinachopendeza mjini hakijathibitisha lolote.

Jaribu pia ukiwa na abiria na sanduku la nyuma. Usukani ukianza kuyumba kwa kasi, punguza mwendo taratibu bila kuubana, na urudishe kioo chini.

Vizibo vya masikio vaa tu hata kichwa kikitulia, kwa sababu kelele ndani ya helmeti kwenye barabara kuu hupita desibeli 90.

Kusafisha: sabuni laini na maji. Wadudu waliokauka walainishe kwa kitambaa kilicholowa, ukiache juu ya kioo dakika chache. Petroli na dawa za madirisha zenye amonia ziweke mbali.